Uhakiki wa Istilahi: Kijitabu cha Mashine ya Kukereza Maganda ya Risasi

Katika kurasa hizi aghalabu tumezungumzia istilahi za elimu, sheria, kilimo na tiba, yaani maneno yanayopita mikononi mwa walimu na watumishi wa serikali kila siku. Safari hii tumeonelea tushughulike na kijitabu chembamba cha maelekezo, kilicholetwa ofisini kwetu na mfasiri mmoja kijana aliyetaka kithibitishwe kabla ya kupigwa chapa. Chahusu mashine ya umeme itumiwayo na wapiga shabaha wa Marekani kupunguzia urefu wa maganda ya risasi za bunduki. Mteja, kwa maelezo ya mfasiri, ni muuza vifaa wa huko ambaye miongoni mwa wafanyakazi na wanunuzi wake wamo watu waliokulia katika Kiswahili. Hatutamtaja mfasiri wala mteja. Makosa tutakayoyaonyesha hayakutokana na uvivu, na baadhi yake, kama msomaji atakavyoona, yalitoka katika orodha tulizozitunga sisi wenyewe.

Yafaa kwanza tueleze kazi yenyewe, maana hakuna awezaye kuhakiki istilahi za kazi asiyoijua. Risasi ya bunduki ya kisasa ina sehemu nne: ganda, ambalo kwa kawaida ni la shaba ya njano, fataki, iliyopachikwa katika kitako cha ganda, baruti iliyomo ndani, na kichwa, ambacho ndicho kitokacho mtutuni kikaenda kwenye shabaha. Bunduki ikishalia, fataki imekwisha, baruti imekwisha, nacho kichwa kimekwenda zake. Ganda hubaki. Aghalabu ganda ndilo sehemu yenye gharama kubwa kupita zote, na kwa hiyo katika Marekani, ambako raia wengi huwinda au hushindana kulenga shabaha, umestawi ufundi wa kuliokota, kulisafisha, kulirudishia umbo lake na kulijaza upya mara kadhaa. Wengine huifanya kazi hiyo kwa ajili ya kuokoa fedha. Wengine kwa sababu risasi iliyojazwa kwa uangalifu na mwenye bunduki yake hulenga vizuri zaidi kuliko ya dukani.

Ganda la shaba halikai kama lilivyotoka kiwandani. Baruti iwakapo, shaba hutanuka ikabana kuta za chemba. Kisha ganda lishindiliwapo katika kalibu ili lirudie umbo lake, shaba hubanwa ikasogea kuelekea shingoni. Basi kila mzunguko ganda hurefuka kidogo. Likizidi urefu uliowekwa, mdomo wake hufika mwisho wa nafasi yake katika chemba na kubanwa pale, nao ukakikamata kichwa kisiachiliwe kwa urahisi. Kanieneo ya gesi hupanda kupita ile iliyokusudiwa. Bunduki yaweza kuharibika, na mpigaji akaumia uso na mikono. Ndiyo sababu maganda hupimwa baada ya kurudishiwa umbo, na yale yaliyorefuka hukerezwa mdomo.

Kwa risasi iitwayo .30-06 Springfield, iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1906, urefu wa juu kabisa wa ganda ni inchi 2.494, na urefu ambao ganda hukerezwa kuufikia ni inchi 2.484. Tofauti ni sehemu 10 katika 1,000 za inchi, yaani kama robo ya milimita. Kazi yote ya mashine hii imo katika robo hiyo ya milimita. Tutairudia hesabu hii baadaye, kwa kuwa ndiyo hasa iliyotufanya tukizuie kijitabu.

Kazi hii yaweza kufanywa kwa kifaa cha mkono: ganda hubanwa kitako, kipande cha chuma cha mviringo huingizwa mdomoni kulishikilia lisiyumbe, na kisu huzungushwa kwa mpini. Kwa maganda 20 ya mwindaji, hiyo ni starehe ya jioni. Kwa mamia ya maganda ya .223 Remington ya mshindani, kifundo cha mkono hulalamika mapema. Kwa hiyo mota ikafungwa. Ziko mashine za mota zinazopima urefu kutoka kitakoni, nazo huhitaji ganda libanwe na kuachiliwa moja moja. Ziko nyingine zinazopima kutoka begani: fundi hulisukuma ganda kwa vidole katika tundu lililochongwa kwa umbo la bega lake, na kisu cha kabidi hukata mdomo, hulaza ukingo wa ndani na kuondoa ukali wa nje kwa mpigo mmoja. Mashine ya Giraud ni ya aina hii ya pili. Kijitabu tulichokihakiki kilikuwa cha mashine iliyo jamaa yake.

Tuanze na jalada. Mfasiri aliandika: "Kikata Kasha Chenye Nguvu". Mafungu matatu ya maneno, na kila moja lina tatizo lake. La mwisho ndilo jepesi kulieleza. Neno la Kiingereza "power" lina watoto wengi, na Kiswahili kimewapa kila mmoja jina lake: nguvu, uwezo, mamlaka, umeme. Mashine hii haisifiwi kuwa na nguvu. Yaambiwa tu kwamba huendeshwa na mota, na siyo na mkono. Mnunuzi asomaye "chenye nguvu" atadhani kipo kingine dhaifu cha bei nafuu, akakiulizia. Mfasiri angeandika "cha umeme" angekuwa amemaliza.

"Kasha" lilitushughulisha zaidi. Kasha ni sanduku. Watu huhifadhi nguo na hati ndani yake. Askari wetu, polisi wetu na waandishi wa magazeti wote husema "ganda la risasi", na hatujui sababu ya kuliacha neno ambalo nchi nzima inalo. Mfasiri alijitetea mbele yetu kwamba ganda ni takataka: ganda la ndizi, ganda la yai, kitu kitupwacho, ilhali kwa mjazaji wa risasi kitu hiki ni mali. Hoja hiyo tuliipenda. Ni kweli kwamba neno hubeba harufu ya matumizi yake. Hata hivyo ganda la kobe halitupwi, wala kobe hadhani kuwa ni takataka. Tumelibakiza ganda.

Sasa tuingie katika jambo zito. Ukurasa wa nne wa rasimu uliandika hivi: "Ingiza risasi katika tundu la mashine, isukume mpaka ikome, kisha izungushe polepole." Matini asilia yalizungumzia ganda tupu, lililokwisha kutolewa fataki yake. Rasimu yamwambia msomaji achukue risasi, akaisukume katika kisu kinachozunguka kwa mota. Ndugu msomaji atupe neno la "risasi" kama alielewavyo mwenyewe, kisha aisome tena sentensi hiyo.

Tulimwuliza mfasiri kwa nini, hali katika kurasa tatu za mwanzo alikuwa akitumia "kasha" (kosa, lakini si kosa la kuua). Jibu lake lilikuwa la kweli na la kusikitisha: alikuwa amelitumia neno hilo mara nyingi mno, akaogopa kumchosha msomaji. Hapa twawageukia walimu. Shuleni humkosoa mwanafunzi anayerudia neno katika insha, nasi sote tumefunzwa hivyo. Kwa insha ya "Safari yangu ya Bagamoyo" ni fundisho zuri. Kwa maelekezo ya mashine, ya dawa au ya mbolea, ni fundisho la hatari, maana humo kila kitu kina jina moja na kila jina lina kitu kimoja, na fundi anayeona jina jipya ana haki ya kuamini kwamba ameonyeshwa kitu kipya. Twaomba somo hili lipewe saa moja tu katika vyuo vya ualimu.

Lakini si haki kumwachia mfasiri lawama yote, kwa sababu neno "risasi" lenyewe lina historia iliyochanganyika. Limetoka katika Kiarabu, ambako ni jina la madini, na hata leo kwetu madini yale mazito ya kijivu huitwa risasi. Vichwa vya bunduki vilifinyangwa kwa madini hayo, vikachukua jina lake. Waganga wa Majimaji mwaka 1905 walipowaahidi watu kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji, walikusudia vichwa viliavyo hewani. Na kwa kuwa fataki, baruti na kichwa vilifungwa pamoja katika ganda moja, jina likapanda tena, likaitwa kitu kizima. Leo sheria yetu ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi hukusudia vitu vizima pamoja na mengine. Basi madini ni risasi, kichwa ni risasi, na kitu kizima ni risasi. Katika mazungumzo hakuna shida, kwa kuwa muktadha husaidia. Katika kijitabu hiki hakuna msaada huo: ukurasa mmoja uliagiza "risasi ipimwe uzito", na hatukuweza kabisa kujua ni kichwa peke yake au kitu kizima mpaka tulipoomba asilia.

Mwenzetu mmoja katika kamati alipendekeza tufufue neno la kale. Kamusi za zamani zimehifadhi "kiasi cha bunduki", maana yake risasi nzima, na asili yake yaonekana ni kipimo cha baruti kilichotayarishwa kwa mpigo mmoja. Ni neno zuri, la Kiswahili cha watu, na lingetupa jina la kitu kizima lisilochanganyika na madini. Tulilijadili kwa muda mrefu kuliko tulivyokusudia. Mwishowe tulilikataa, kwa masikitiko, kwa sababu kijitabu cha kujaza risasi kinataja kiasi cha baruti katika kila aya, na sentensi "weka kiasi sahihi katika kiasi" ingetuaibisha. Uamuzi wetu ni huu: risasi ni kitu kizima kilicho tayari kupigwa, ganda, fataki, baruti na kichwa cha risasi ni sehemu zake, na madini, yakitajwa katika matini ya silaha, yaitwe madini ya risasi. Hatudai kwamba "kichwa cha risasi" ni jina jipya. Ni jina la askari, nasi tumelipiga muhuri tu.

Ukurasa wa tano ulituchekesha, kisha ukatunyamazisha. "Hakikisha rubani ameingia mdomoni kikamilifu kabla ya kuwasha mashine." Kile kipande cha chuma cha mviringo kiingiacho katika mdomo wa ganda ili lisiyumbe huitwa kwa Kiingereza "pilot". Tulipomaliza kucheka tulimwuliza mfasiri amelipata wapi neno hilo. Alifungua mkoba akatoa orodha ya istilahi, safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, akatuonyesha mstari. Ilikuwa orodha yetu. Hapakuwa na picha, hapakuwa na sentensi ya mfano, hapakuwa hata na neno la kuonyesha kwamba istilahi hiyo ni ya usafiri wa anga.

Kwa miaka mingi tumewalaumu wafasiri kwa kutotumia orodha sanifu. Huyu alizitumia. Alitutii, na utii wake ndio uliomweka rubani mdomoni mwa ganda. Orodha ya safu mbili huwaaminisha watu kwamba neno moja la Kiingereza ni sawa na neno moja la Kiswahili, kama bei iliyobandikwa juu ya bidhaa. Sisi tunaozitunga twajua kwamba si hivyo, lakini ujuzi huo umebaki katika mafaili ya kamati na haukuchapwa. Tumependekeza kwamba orodha zijazo ziwe na safu ya tatu, ya uwanja wa matumizi, na kwa vifaa vya ufundi picha kila inapowezekana. Gharama ya uchapaji itapanda. Wahasibu tutawaeleza habari ya rubani.

Kwa haki ya neno lenyewe, rubani si mgeni wa jana aliyekuja na ndege. Kabla ya ndege alikuwa mwongozaji wa chombo baharini, ajuaye miamba na mikondo, na kwa maana hiyo hata kipande hiki cha chuma kinafanya kazi yake. Lakini rubani ni mtu, na sarufi yetu humpa nafsi: "ameingia", "ametoka", "amelegea". Mashine yenye mtu ndani haifai. Tumependekeza "pini ya kuongoza", na mafundi tuliowauliza walielewa papo hapo.

Sehemu za ganda hazikutupa taabu kubwa, kwa kuwa chupa ilikwisha kutufanyia kazi: mdomo, shingo, bega, kitako. Mfasiri alizipata zote, na kwa "fataki" tumempongeza, maana wengine wangeandika "praima". Alipokosea ni upande wa bunduki. Mbele ya chemba, pale kichwa cha risasi kinapoanza kuingia mtutuni, pana sehemu ambayo kwa Kiingereza huitwa kwa jina la koo. Mfasiri aliiita shingo. Matokeo yake ni onyo lisemalo "shingo isiguse shingo", ambalo ni methali isiyo na maana. Ganda lina shingo. Bunduki ina koo. Zibaki hivyo.

Jambo la maneno matatu yanayofanana latudai mistari michache. Rasimu ilitumia "kaliba" kwa ukubwa wa tundu la mtutu, "kaliba" tena kwa kifaa cha kupimia urefu, na "kaliba" mara ya tatu kwa kile chuma kinachorudishia ganda umbo. Mfasiri hakukosa uzao, kwa maana maneno hayo ya Kizungu hudhaniwa kuwa yametokana na neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi "kalibu". Ndugu watatu wa baba mmoja, basi. Lakini hata ndugu wa baba mmoja hupewa majina mbalimbali ili mama akiita aitike aliyekusudiwa. Kalibu tunayo tangu zamani, ni chombo kinachokipa kitu umbo. Itumike kwa chuma cha kurudishia ganda umbo. Kaliba ibaki kwa ukubwa wa tundu la mtutu. Kifaa cha kupimia kiitwe kalipa.

Kuhusu "presha": kwa msomaji wa kawaida presha ni ugonjwa. Wanafunzi wa fizikia wanayo kanieneo.

Jina la kampuni lisitafsiriwe wala lisifumbuliwe. Rasimu ilijaribu kufumbua herufi za RCBS, kampuni iliyoanzishwa na Fred Huntington huko Oroville, California, mwaka 1943. Herufi hizo zina kisa: zatokana na jina la mnyama mdogo achimbaye mashimo katika milima ya magharibi ya Marekani, na kifaa cha kutengenezea vichwa vya risasi vya kumwindia. Mfasiri alimgeuza mnyama huyo kuwa mwamba. Angeziacha herufi zake angepata usiku mmoja wa kulala.

Sasa hesabu. Mwishoni mwa kijitabu pana jedwali la urefu wa maganda. Urefu wa juu kabisa, kwa upande wa Marekani, huwekwa na taasisi ya watengenezaji wa silaha za michezo na risasi, SAAMI, iliyoundwa mwaka 1926. Urefu wa kukerezea hutolewa na miongozo ya wajazaji, na kwa kawaida ni pungufu kwa sehemu 10 katika 1,000 za inchi. Asilia ilikuwa kwa inchi. Mfasiri, kwa nia njema ya kumsaidia msomaji aliyezoea mita, alizigeuza kuwa milimita, na kwa nia njema ya pili akaondoa nukta na tarakimu zilizofuata "ili zisomeke kwa urahisi".

Tazama kilichotokea. Ganda la .30-06 lina urefu wa juu wa milimita 63.35 na wa kukerezea 63.09. Rasimu: 63 na 63. Ganda la .308 Winchester ni 51.18 na 50.93. Rasimu: 51 na 51. Hata ile .375 ya Holland & Holland wa London, ya mwaka 1912, ambayo wawindaji wa Afrika Mashariki waifahamu vizuri, ilitoka 72.39 na 72.14 ikawa 72 na 72. Safu mbili za jedwali zikawa pacha. Msomaji mwangalifu angejiuliza kwa nini ziko mbili, na msomaji wa haraka asingejiuliza.

Ya .223 Remington ni mbaya kuliko zote. Urefu wake wa juu kabisa ni milimita 44.70. Rasimu ilipandisha ikaandika 45. Yaani fundi anayelipima ganda lake, akakuta 44.95, angeliona limo ndani ya mpaka, akalijaza, akalipiga, ilhali limepita mpaka kwa robo ya milimita; na robo ya milimita, tulikwisha kusema, ndiyo kazi yote ya mashine hii. Mfasiri hakukosea neno hata moja katika jedwali lile. Kiswahili chake kilikuwa safi. Kwa hiyo twasema kwa watumishi wote wanaopitisha tafsiri za kiufundi: tarakimu zihakikiwe kama maneno, tena na mtu wa pili, asilia ikiwa mkononi. Katika kanuni zetu za ukaguzi jambo hilo halimo. Litaingizwa.

Hata zilipoandikwa kwa maneno tarakimu zilitupa shida. "Sehemu ya elfu kumi ya inchi" ni nini? Yaweza kuwa sehemu kumi za elfu. Yaweza kuwa sehemu moja ya elfu kumi, ambayo ni ndogo mara mia. Kiswahili hapa kina utata, na si aibu kukiri. Pasipo na utata ni katika tarakimu zenyewe: 0.010. Twashauri katika matini ya ufundi sehemu za inchi zisiandikwe kwa maneno kamwe, na kwamba kipimo cha asilia kibaki na cha milimita kiwekwe kando yake, kwa tarakimu mbili baada ya nukta.

Limebaki neno moja, ambalo hatujakubaliana. Kitendo chenyewe cha mashine kiitweje? Rasimu ilisema "kukata", na kukata ni kugawa kitu vipande viwili. Ganda halikatwi hivyo. Wengine walipendekeza "kupunguza", kama kinyozi apunguzavyo nywele, lakini katika kazi hii hupunguzwa pia baruti, na amri fupi "punguza" haitoshi. Sisi tulitaka "kukereza". Kitu kinazunguka, kisu kinakigusa, ukingo unatoka laini: hilo ndilo kerezo la tangu kale, na lugha ina familia nzima, kereza, kerezo, mkereza, inayongoja kazi.

Tulikwenda Gerezani, Dar es Salaam, kwa fundi mmoja wa mashine za kuchongea vyuma, tukamwonyesha picha. Aliitazama, akaelewa mara moja, akatueleza hata kwa nini kisu cha kabidi hudumu. Tukamwuliza: kazi hii waiitaje? "Kuchonga," akasema. Je, kukereza? Akacheka kwa adabu. "Kukereza alikuwa akikereza marehemu babu, wazee wangu. Miguu ya vitanda. Mimi nachonga."

Twakiri kwamba jibu hilo limetutikisa. Kuchonga ni neno pana mno. Huchongwa kinyago, penseli, mtumbwi na skrubu. Lakini ndilo neno lililo mdomoni mwa watu wenye mashine, na kereza limo zaidi katika kamusi kuliko karakana. Kwa kijitabu hiki tumeidhinisha kukereza, kwa kura moja ya ziada, kwa sharti kwamba ukurasa wa kwanza ueleze neno hilo kwa picha. Wasomaji walio karibu na karakana za Tanga, Mwanza, Mombasa au Zanzibar twawaomba watuandikie mafundi wao wasemaje.

Rasimu imerudishwa kwa mfasiri, naye ameipokea bila kinyongo. Sentensi ya ukurasa wa nne sasa yasomeka hivi: "Chukua ganda tupu, lisilo na fataki, baruti wala kichwa, ambalo limekwisha kurudishiwa umbo katika kalibu. Lisukume katika tundu la kerezo la umeme mpaka bega lake likome. Lizungushe kwa vidole mara moja, litoe, ulipime kwa kalipa." Neno ganda limetajwa mara moja tu, na viambishi vinalifuata. Neno risasi halimo kabisa.